Jinsi ya kupiga hesabu ya manowari moja ya ndege ikizama: mfano wa Pasifiki 1942

Swali la "ingekuwaje kama ile manowari ya kubeba ndege ingezama" watu wengi wanalijibu kwa mihemko. Mmoja atakwambia vita yote ingegeuka na Mjapani angeitawala Pasifiki, mwingine anasema hamna kitu, Mmarekani ana viwanda, angeunda nyingine maisha yakaendelea. Wote wawili hawajashika kalamu. Na hii mada inastahili kalamu kabisa, maana meli moja kubwa ya Marekani ya namna hii ilikuwa na watu elfu mbili na zaidi ndani, na wiki mbili za kuchelewa sehemu kama kisiwa cha Guadalcanal, kusini mwa Pasifiki, zilikuwa zinahesabika kwa makaburi.

Njia ninayoweka hapa unaweza kuitumia kwa meli yoyote ile. Unahitaji daftari, ramani ya Pasifiki yenye skeli ya kilomita, na kalenda ya mwaka 1942 uliyochora mwenyewe mwezi kwa mwezi. Mfano wetu mkuu ni Yorktown ya Marekani, kwasababu hiyo iliponea chupuchupu kweli kweli.

Hatua ya 1: taja meli, taja na tarehe

Usiulize "ikizama meli moja". Uliza "ikizama Yorktown tarehe 8 Mei 1942". Bila tarehe swali halina jibu.

Siku hiyo kwenye Bahari ya Coral, kaskazini mashariki mwa Australia, meli za ndege za Marekani na za Japani zilipigana bila meli zenyewe kuonana hata mara moja, kazi yote ilifanywa na ndege. Marekani alikuwa na mbili, Lexington na Yorktown. Lexington ilipigwa torpido na mabomu, watu wakapambana na moto mpaka wakaona wameshaokoka, kumbe mvuke wa petroli ya ndege umejaa huko chini, ukalipuka, ukalipuka tena, jioni ikabidi waihame na waimalizie wenyewe kwa torpido za meli yao nyingine ya kivita. Yorktown ilipigwa bomu moja la kilo 250 lililotoboa sitaha ya juu, likapita ghorofa kadhaa na kulipukia ndani kabisa, watu 66 wakafa au kuumia vibaya. Torpido zote zilizorushwa kwake nahodha Elliott Buckmaster alizikwepa.

Sasa sisi kwenye daftari tunaandika: torpido mbili zimempata. Basi. Badilisha kitu kimoja kidogo ambacho kingewezekana kabisa siku ile, usianze kumwongezea Mjapani meli, akili na bahati kwa pamoja, maana hapo hupigi hesabu tena, unatunga hadithi.

Hatua ya 2: hesabu zilizopo kazini, achana na zilizopo kwenye orodha

Hapa ndo wengi wanaanguka. Mtu mwenye daladala sita ambazo nne ziko gereji ana daladala mbili, na ukitaka kujua jioni ataingiza hela ngapi unahesabu hizo mbili. Fanya hivyo hivyo, chora safu mbili, Marekani huku na Japani huku, na kwa kila meli andika iko wapi na lini itakuwa tayari.

Mwisho wa Mei 1942 safu ya Marekani inasomeka hivi: Enterprise na Hornet zipo na nzima, hazikuwahi Bahari ya Coral kwasababu zilitoka kupeleka ndege za kikosi cha ofisa Doolittle zilizopiga Tokyo tarehe 18 Aprili. Yorktown imejeruhiwa. Lexington imezama. Saratoga ilipigwa torpido na nyambizi I-6 tarehe 11 Januari, iko pwani ya magharibi ya Marekani, imetoka matengenezoni ila haijarudi vitani. Wasp iko upande wa Atlantiki, mwezi huo wa Mei ilikuwa inapeleka ndege za Waingereza Malta. Ranger nayo Atlantiki.

Safu ya Japani: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu zinaelekea Midway, kisiwa kidogo cha Marekani katikati ya Pasifiki. Shokaku imepigwa mabomu Bahari ya Coral, iko matengenezo. Zuikaku haina hata mkwaruzo ila haiendi, sababu ninaitaja hatua ya tatu. Ryujo na Junyo zimetumwa kaskazini, visiwa vya Aleutian. Zuiho na Hosho ni ndogo, zinasindikiza meli nyingine.

Ukishaandika hivyo unaona jambo ambalo kwenye orodha kubwa halionekani: pale Midway vita ni tatu kwa nne, na ukiitoa Yorktown inakuwa mbili kwa nne. Hiyo sio meli moja kati ya sita zilizobaki, ni theluthi nzima ya nguvu ya Marekani mahali penyewe siku yenyewe.

Hatua ya 3: meli na marubani wake ni hesabu mbili tofauti

Zuikaku ilikosa Midway kwasababu kikosi chake cha ndege kilimalizwa Bahari ya Coral, na kwa utaratibu wa Wajapani wa wakati ule kikosi ni cha meli yake, hawakuhamisha marubani wa Shokaku wakawapakia Zuikaku wakaondoka. Mmarekani alifanya kinyume. Yorktown ilipofika Pearl Harbor, kambi ya meli za Marekani kule Hawaii, ikapakiwa vikosi vya Saratoga, kwahiyo waliopaa kutoka Yorktown tarehe 4 Juni wengi wao walikuwa watu wa Saratoga.

Kwahiyo kila unapozamisha meli jiulize ndege zake ziko wapi dakika hiyo. Ziko angani zitaenda kutua meli nyingine, au ziko ndani zimejaa mafuta na mabomu? Waingereza walipopoteza Hermes tarehe 9 Aprili 1942 karibu na Batticaloa, Sri Lanka, meli haikuwa na ndege hata moja ndani, ndege zake zilikuwa nchi kavu. Ilizama kama meli yoyote isiyo na ulinzi.

Na mafunzo ya rubani ni kitu cha muda mrefu. Kwenye mapigano ya Santa Cruz, 26 Oktoba 1942, Japani hakupoteza meli ya ndege hata moja na alimzamisha Hornet, ukiangalia meli tu unasema kashinda. Lakini alipoteza marubani na wasaidizi wao 148, zaidi ya wale 110 hivi aliopoteza Midway alikozamishiwa meli nne. Mimi naona Santa Cruz ilimuumiza Mjapani kwa namna ambayo haikuonekana mpaka 1944, pale meli zilipokuwepo na watu wa kuzirusha ndege wakawa vijana wasio na uzoefu.

Hatua ya 4: uliza gudi liko wapi na linahitaji siku ngapi

Kama meli haijazama bali imeumia, matokeo yote yanategemea gudi, yaani bwawa linalokaushwa maji ili meli itengenezwe. Hapa Yorktown ndo darasa lenyewe.

Ilifika Pearl Harbor tarehe 27 Mei ikiacha mkia wa mafuta nyuma yake. Makadirio yalikuwa siku 90 za matengenezo. Asubuhi iliyofuata ikaingizwa kwenye gudi, na maji hayajakauka bado Admirali Chester Nimitz, mkuu wa meli za Marekani za Pasifiki, mwenyewe akashuka kule chini amevaa mabuti marefu ya mpira akatembea chini ya tumbo la meli akiangalia mabati yaliyopasuka. Akasema anaitaka ndani ya siku tatu. Mafundi kama 1,400 wakaingia mchana na usiku, hawakutengeneza kila kitu, walitengeneza kinachohitajika ili ielee, ikimbie na irushe ndege: mabati yakachomelewa, kuta za ndani zikashikizwa kwa mbao, boila zilizoharibika zikaachwa kama zilivyo. Tarehe 30 Mei ikaondoka kwenda vitani.

Hizo siku tatu ziandike kwa kalamu nyekundu. Na uandike pembeni kwamba Pearl Harbor iliposhambuliwa tarehe 7 Desemba 1941 karakana, magudi na matangi ya mafuta hayakuguswa kwa uzito wowote. Kuzama kwa meli kunaleta kelele, ila kupotea kwa gudi kungegeuza kila meli iliyoumia kuwa nje ya vita kwa miezi, maana ingebidi iende mpaka pwani ya Marekani.

Hatua ya 5: cheza siku yenyewe, saa kwa saa

Sasa ndo unaweka Yorktown chini ya bahari na unaingia Midway, tarehe 4 Juni 1942. Kumbuka kilichotokea kweli. Asubuhi ndege za torpido za Marekani zilifyekwa, kikosi cha torpido cha Hornet ndege zote 15 zilidunguliwa akabaki mtu mmoja, George Gay. Ndege za mabomu za Hornet zilielekea upande mwingine hazikuona adui. Ilipofika saa nne na dakika ishirini na kitu, ndege za mabomu za Enterprise zikashuka juu ya Kaga na Akagi, na dakika hizo hizo za Yorktown zikashuka juu ya Soryu. Meli tatu zinawaka ndani ya dakika chache.

Ondoa Yorktown halafu pitia kitu kimoja kimoja. Soryu hana wa kumpiga, kwahiyo Soryu anabaki. Kikosi cha torpido cha Yorktown pamoja na ndege chache za kivita zilizokisindikiza ndo vilikuwa vimezivuta ndege za ulinzi za Wajapani dakika zile, sasa hakipo, kwahiyo hata Enterprise anakutana na ulinzi mkali zaidi, pengine anapata moja tu badala ya mbili. Mchana aliyeiona Hiryu alikuwa rubani wa Yorktown aliyetumwa kupeleleza, naye hayupo, kwahiyo Hiryu anachelewa kuonekana au haonekani kabisa siku hiyo.

Halafu kuna kitu watu wanakisahau kabisa. Yorktown ndiye aliyepokea mapigo yote ya Hiryu. Wimbi la kwanza likampiga mabomu matatu, boila zikazimika, akasimama. Mabaharia wakaziba matundu ya sitaha kwa mbao na mabati, wakawasha boila tena, wakaanza kurusha ndege. Wimbi la pili la Hiryu lilipofika likaona meli inakimbia bila moshi, likaamini ni meli nyingine kabisa, likampiga torpido mbili. Kwahiyo Mjapani akahesabu ameshaua mbili wakati amepiga moja mara mbili, na Enterprise na Hornet hazikuguswa. Nyambizi I-168 ilikuja kummalizia Yorktown na akazama tarehe 7 Juni. Wale watu waliookoa muda kwa nyundo na mbao kule chini kwenye giza na joto la boila ndo walioziokoa hizo meli mbili nyingine, na naona hawatajwi vya kutosha, wanatajwa marubani tu.

Bila Yorktown mapigo hayo yanaenda kwa Enterprise na Hornet, na hayatoki kwa Hiryu peke yake bali kwa Hiryu na Soryu pamoja. Andika matokeo matatu. Baya: Marekani anapoteza zote mbili, Japani anapoteza moja. La kati: kila upande unapoteza mbili, au Marekani moja na Japani mbili. Zuri: Enterprise anabahatika, Japani anapoteza mbili na Marekani anaondoka mzima. Mimi nalishika la kati. Usiandike moja tu, andika yote matatu na uyabebe kwenda hatua inayofuata.

Hatua ya 6: fuata mnyororo kwa miezi sita, sio zaidi

Zaidi ya miezi sita maamuzi ya watu yanakuwa mengi mno, unaanza kubahatisha.

Chukua tokeo la kati. Julai 1942 Marekani ana Saratoga, ana Wasp aliyevuka mfereji wa Panama mwezi Juni, na pengine moja kati ya Enterprise na Hornet. Japani ana Soryu, Hiryu, Shokaku, Zuikaku na zile ndogo. Uliza: je, tarehe 7 Agosti Marekani wanashuka Guadalcanal? Kiuhalisia walishuka wakiwa na meli tatu za ndege zinawalinda, Enterprise, Saratoga na Wasp, na walishuka wakati Wajapani wanakaribia kumaliza uwanja wa ndege pale. Mimi jibu langu ni hapana, hawashuki Agosti. Na wakichelewa hata wiki chache tu ule uwanja unakuwa na ndege za Japani tayari, na kazi ya kuuchukua inakuwa kubwa mara kadhaa. Uwanja wa ndege hauzami, ndo maana waliouwahi, wakauita Henderson, waliweza kuishi hata walipobaki bila meli.

Na walibaki hivyo kweli. Wasp alizamishwa na nyambizi I-19 tarehe 15 Septemba, Saratoga alishapigwa torpido ya pili tarehe 31 Agosti, Hornet akazama Santa Cruz. Novemba 1942 aliyekuwepo mbele ni Enterprise peke yake, amepigwa mabomu, akaenda vitani mafundi bado wapo ndani wanachomelea na lifti moja ya ndege hawaiamini. Ndege zake zikitumia Henderson zilisaidia kuizamisha meli ya kivita Hiei na zile meli zilizobeba wanajeshi wa Japani. Huo ndo wakati ambao ningeuogopa kuliko wote, Enterprise akizama tarehe 26 Oktoba badala ya kuumia, ni Henderson tu inayosimama kati ya Japani na ushindi wa kisiwa kile.

Mnyororo huu unafika mpaka kwetu. Aprili 1942 meli za ndege za Japani zilipoingia Bahari ya Hindi, zikazamisha Hermes na meli za mizigo kibao, Waingereza waliona Sri Lanka haikaliki na kundi lao la meli likarudi nyuma mpaka Kilindini, Mombasa. Mei hiyo hiyo wakavamia Diego Suarez, Madagaska, wakiogopa Mjapani atawahi. Mizigo ya jeshi la Uingereza lililokuwa Misri ilikuwa inazunguka kusini mwa Afrika na kupanda kwa pwani yetu hii kwenda Suez. Japani akitoka Midway na meli mbili tatu kubwa zimebaki, kurudi Bahari ya Hindi kunakuwa chaguo tena, na njia ile ya Mombasa inakuwa hatarini. Iandike kwenye daftari kama tawi la pembeni.

Hatua ya 7: mwekee adui mipaka yake

Japani hata akishinda Midway bado ana mafuta machache, meli za mizigo chache, na jeshi lake kubwa limekwama China. Midway kwenda Honolulu ni zaidi ya kilomita 2,000, kuivamia Hawaii sio suala la wiki ijayo. Kinachowezekana ni ule mpango wa kusogea Fiji, Samoa na New Caledonia ili kukata njia ya Marekani kwenda Australia, ambao kiuhalisia ulikwama baada ya Midway. Hilo tawi lipe uzito. La kutua California lifute.

Hatua ya 8: rudia hesabu ile ile kwa 1944

Hii ni fupi. Tarehe 24 Oktoba 1944 kwenye mapigano ya Ghuba ya Leyte, Ufilipino, ndege moja ya Japani iliipiga bomu Princeton ya Marekani ikazama. Ni meli ndogo kuliko Yorktown lakini ni meli ya ndege kamili. Uvamizi wa Ufilipino haukusimama hata siku moja. Sababu ni kwamba Essex, meli mpya ya ndege ya Marekani, alianza kazi tarehe 31 Desemba 1942 na wenzake wakafuata, na kwenye mapigano ya Bahari ya Ufilipino Juni 1944 Marekani alikuja na meli za ndege 15 dhidi ya 9. Kwa Japani ni tofauti, siku ya 19 Juni Taiho, mpya kabisa, ilizamishwa na torpido moja ya nyambizi Albacore, na hakukuwa na ya kuziba pengo.

Kwahiyo jibu langu kwa Yorktown: mshindi habadiliki, kwasababu meli nyingi za 1943 zilishaanza kujengwa kabla hata ya Pearl Harbor. Kinachobadilika ni tarehe, nakadiria miezi sita mpaka mwaka, na kila mwezi una watu wake wa Guadalcanal, Burma, China na makambi ya mateka.

Hatua ya 9: ukitaka kuitumia kwa leo

Anza na hatua ya 4, sio ya 1. Essex ilichukua miezi 20 toka kuwekwa msingi Aprili 1941 mpaka kuanza kazi. Gerald R. Ford, meli ya ndege ya Marekani ya siku hizi, iliwekewa msingi 2009 ikapokelewa 2017. Marekani ana meli za ndege 11 kwenye orodha, lakini rudi hatua ya 2 uzitoe zilizo matengenezoni na zilizo bahari nyingine, utabaki na chache sana kwa Pasifiki ya magharibi, na ikizama moja hakuna mpya ndani ya vita hiyo hiyo. Kwa hesabu hiyo leo iko karibu zaidi na 1942 kuliko 1944.

Kabla ya kufika huko lakini jipime na Saratoga. Sema ile torpido ya I-6 ya tarehe 11 Januari 1942 imemzamisha kabisa. Kwa haraka utaona haina athari, maana Midway hakuwepo. Ila usiruke hatua ya 3, kwasababu kikosi cha mabomu kilichomchoma Soryu kutoka sitaha ya Yorktown kilikuwa cha Saratoga, na kila kitu kinategemea siku hiyo ya Januari marubani wale umewaweka wapi.